Mashine Iliyosahau Tarehe

Kanku aliletwa ofisini kwake na pingu mikononi, na alipoingia hakumtazama bosi wake wala Inspekta Bulaimu. Aliitazama mashine. Aliikagua kuanzia juu hadi chini, kama mama anayempokea mtoto aliyelala kwa jirani.

Inspekta Bulaimu aliliona hilo. Alikuwa mpelelezi wa paruke, ofisi ya mwendesha mashtaka ya Kindu. Mtu mnene, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mji mzima ulijua kwamba ukimharakisha Bulaimu ndiyo kwanza anaagiza chai. Na asubuhi hiyo kila mtu alikuwa anamharakisha. Treni ya kwenda Lubumbashi ilikuwa inaondoka mchana. Akitia sahihi hati ya mashtaka, Kanku anapandishwa humo na kupelekwa gereza kuu, na binti anayeingia kule kwa kosa la kuhujumu mali ya taifa hatoki akiwa binti tena.

Kosa lenyewe lilisemwa hivi. Ofisi hiyo alimoletwa, karibu na stesheni, ilikuwa ya mradi wa malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Wauguzi walizunguka Kalima, Kampene na Kama, wakiwatoboa watu vidole na kupima damu. Majibu yakaletwa Kindu, Kanku, karani wa ofisi, akayaingiza kwenye ordinateri, yaani kompyuta ile, na dawa ikagawanywa kama ordinateri ilivyosema. Ukiwa humo ndani, unapata sindano. Usipokuwamo, pole yako. Sasa wagonjwa wa Kama walikuwa wametoweka kwenye mashine, wote, na dawa yao ya mwezi uliopita haikujulikana iliko.

"Hakuna cha kutafuta, Sitoyeni Inspekta," alisema Docta Kasanda, direkta wa mradi. Alikuwa amevaa suti ya abakosi ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, beji ya Chama kifuani, na kila raia alimwita Sitoyeni kama Chama kilivyoagiza. "Dawa ya Kama imeuzwa. Mwanamuke huyu njo aliiuza. Aliposikia wakaguzi wa Kinshasa wanakuja, akawafuta wagonjwa ili hesabu ipotee. Sasa unangojea nini?"

"Nangojea kuelewa," alisema Bulaimu. "Chumba hiki kina funguo ngapi?"

"Mbili. Yake na yangu."

"Na wewe, Docta, mashine hii unaijua?"

"Mimi?" Docta alicheka. "Mimi ni mganga. Kupiga kinanda ni kazi ya karani. Sijaigusa hata kwa kidole."

Bulaimu aliyaandika maneno hayo taratibu, akamsomea. Docta akaitikia kwa kichwa kuwa ndivyo.

"Mukubwa Inspekta," alisema Kanku. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulala juu ya sementi ya kasho, mahabusu ya polisi. "Niko naomba jambo moja tu. Niache nikae kwenye mashine kidogo."

"Apana!" Docta aliruka. "Amalizie yaliyobaki?"

"Basi kidole kitakuwa changu," alisema Bulaimu. "Yeye atasema, mimi nitabonyeza. Kopla Mukendi atasimama mlangoni, asitoke muntu asiingie muntu. Kuna ubaya gani hapo?"

Ubaya haukuonekana. Bulaimu akakivuta kiti, kiti kikalia chini yake. Nje, mzee Sumaili, mlinzi wa grupu, alivuta kamba, na lile jenereta likakohoa mara kadhaa kabla ya kushika. Mashine ikavuma. Kwenye kioo cheusi herufi za kijani zilijipanga, kisha kikabaki kijistari kinapepesa.

Bulaimu alishusha miwani puani akasoma. "Inasema leo ni Bonane, siku ya mwaka mpya, ya mwaka themanini. Ala! Mwaka huo hata tumbo hili sikuwa nalo."

Mukendi alicheka mlangoni, akakumbuka bunduki yake, akanyamaza.

"Si kosa lake," alisema Kanku. "Umeme ukikatika inasahau siku. Na hapa umeme unakatika kila jioni, Papa Sumaili akizima grupu. Kila asubuhi inauliza leo ni siku gani, halafu inauliza ni saa ngapi. Njo muntu anaijibu."

"Na asipoijibu?"

"Unabonyeza tu kile kitufe kikubwa, inaendelea. Lakini kazi yote utakayofanya, yenyewe itaandika kwamba ulifanya Bonane ya themanini. Mimi siwezi kupita bila kujibu. Hata ningekuwa na malaria nitaijibu."

Bulaimu alijibu. Aliitafuta kila namba kama anayechambua mchele, akaibonyeza kwa kidole kimoja, akaiangalia kwenye kioo kama kweli imefika. Docta Kasanda alitazama saa yake, akatazama dirisha, akatazama saa tena.

"Sasa?" aliuliza Bulaimu. "Picha iko wapi?"

"Haina picha, Mukubwa. Yenyewe inangoja amri. Andika D, I, R, halafu kile kitufe kikubwa. Njo kuiambia ituonyeshe vilivyomo."

Bulaimu aliandika. Mashine ilijibu kwa Kifaransa kikavu kwamba amri hiyo haijulikani.

"Umeandika E," alisema Kanku.

"Mkali huyu. Kama mama mkwe wangu: anakaa kimya mpaka ukosee." Akarudia pole pole. Safari hii kioo kilijaa. Kila faili lilikuwa na mstari wake: kwanza jina, kisha namba, kisha tarehe ambayo mtu alilifanyia kazi mara ya mwisho. Bulaimu aliweka kidole juu ya kioo akafuata. Kalima ilikuwa na tarehe ya mwezi huu, mwaka wa themanini na saba. Kampene vilevile. Kama, Bonane ya themanini.

"Unaona!" Docta alipiga mkono mezani. "Hata tarehe ameichezea. Mwaka huo mashine hii haikuwa hata Kindu. Nani mwingine angejua kuiharibu hivyo?"

Lilikuwa neno zito, na Bulaimu angekuwa mpelelezi wa haraka angelimeza. Kwa muda kidogo hata yeye alilitafuna. Binti anayejua mashine ndiye anayejua kuidanganya. Hakimu yeyote angeelewa hivyo.

"Na hii namba ya katikati ni ya nini?" aliuliza.

"Ukubwa wa faili," alisema Kanku. "Watu wakiwa wengi, namba inakuwa..." Akakatisha. Macho yake yalikuwa yamesimama kwenye mstari wa Kama.

"Inakuwa nini?"

"Kubwa, Mukubwa." Akamtazama Docta kwa pembe ya jicho. "Niko naomba faili hiyo isiguswe tena na muntu yeyote. Tuisome tu."

Bulaimu aliliweka neno hilo mfukoni mwa kichwa chake. Akaelekezwa jinsi ya kuifungua Kama na kuiamuru iorodheshe wagonjwa. Aliandika amri, akabonyeza, akangoja. Mashine haikuleta jina hata moja. Kijistari kilirudi pale pale kikaendelea kupepesa.

"Tupu," alisema Docta. "Tia sahihi, Inspekta, twende zetu."

"Nitatia. Ngoja ninyooshe miguu kwanza, kiti chenu hiki kimenikata damu."

Nyuma ya ofisi palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake grupu, na kando ya grupu mzee Sumaili akiwa na tambara la mafuta. Alikuwa mzee mwembamba, swala tano, kofia ya kufumwa kichwani, mtu wa kusalimiwa na kila anayepita. Walisalimiana kwa kirefu. Waliulizana hali za nyumbani, za afya, za mvua. Bulaimu hakuwa mtu wa kuruka salamu.

"Papa Sumaili, Jumamosi unawasha hii?"

"Jumamosi ni Salongo, Mukubwa. Muji wote iko barabarani na majembe kwa amri ya Chama. Umeme wa nini?"

"Kweli. Na wewe ulilima upande gani?"

"Mutoni."

"Mutoni kule kwenye bandari?"

"Njo kule."

"Mimi ndiye niliyesimamia bandarini Jumamosi," alisema Bulaimu. "Sikukuona."

"Watu walikuwa wengi, Mukubwa."

Walikuwa wengi, ndiyo. Bulaimu aliegemea nguzo. Alikuwa anapanga jambo kichwani, naye alipenda kulipanga mbele ya mtu aliyemsikiliza. "Unajua kinachonisumbua, Papa? Mashine bila umeme ni sanduku. Siku za kazi chumba kile kina watu hadi jioni, na kila kazi ya Kanku ina tarehe yake. Anayetaka kukaa humo peke yake lazima angoje mji uhame. Na mji huu unahama siku moja tu. Lakini hata akiwa na ufunguo, hawezi kuvuta kamba ya grupu. Njo kazi ya muntu mwingine."

Sumaili alipangusa mahali palipokwisha kung'aa.

"Unajua kilichofutwa mule ndani?"

"Nasikia ni dawa imeibwa."

"Dawa nayo imeibwa. Lakini kilichofutwa ni watu. Wagonjwa wa Kama. Majina yao yasiporudi, Kama haipati sindano."

Tambara lilisimama. "Kama yote?"

"Yote."

Mzee aliinama juu ya grupu, akaweka kiganja chake pale penye joto kama hasikii moto. Bulaimu alimngoja, na alipoona hainuki akamwambia kwa upole, "Zima kidogo. Nikishaingia ndani uwashe tena. Kisha uje ofisini, unisikilize."

Aliporudi chumbani kioo kilikuwa cheusi na Docta amesimama katikati akiwa amekunja uso.

"Nini tena?"

"Grupu. Mzee anasema litarudi sasa hivi." Bulaimu alijitupa kwenye kiti. Kweli likarudi. Mashine ikavuma, herufi zikajipanga, ikauliza swali lake lile lile: leo ni siku gani.

Bulaimu alivua miwani. Akaipangusa kwa shati, akaiangalia kwenye mwanga, akaipangusa tena upande wa pili. Akaivaa. Akakinyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya kinanda na kukizungusha hewani kama kipanga anayetafuta kifaranga.

"Siku," alisema. "Siku... Mbili ilikuwa huku. Au imehama?"

"Juu, Mukubwa," alisema Kanku.

"Juu ya wapi, mama?"

Kule stesheni kichwa cha treni kilipiga honi ndefu. Docta alikuwa amefika nyuma ya kiti, anapumua juu ya shingo ya Inspekta. "Treni hiyo, Inspekta! Utakaa hapo mpaka kesho?"

"Haraka haraka haina baraka, Docta. Mashine imeuliza, ni adabu kuijibu. Sasa, mbili..."

Mkono wa abakosi ulipita juu ya bega lake. Tak. Tak. Mara mbili, bila kusoma, kama mtu anayebisha hodi kwake. Swali la siku likapita, swali la saa likapita, na kijistari kikawa tayari kinangoja amri.

Mukendi mlangoni alisimama wima, naye hakujua kwa nini.

"Aksanti sana, Docta," alisema Bulaimu bila kugeuka. "Umejifunza wapi?"

"Kujifunza nini?"

"Kupita bila kujibu."

"Kila muntu anafanya hivyo! Kule Kisangani ordinateri ina betri yake ndani, yenyewe inakumbuka siku. Unabonyeza mara mbili, umeingia. Ni hii yenu ya hapa tu njo..." Akanyamaza. Alikuwa msomi, na alisikia maneno yake mwenyewe kabla hayajamaliza kutoka.

Bulaimu alifungua daftari akasoma kwa sauti ile ile aliyoandikia. "'Sijaigusa hata kwa kidole.' Njo ulivyosema. Hapa Kindu hakuna anayeipita mashine hii, kwa sababu wote wanajua haina kumbukumbu. Aliyeifuta Kama aliipita. Mazoea yake aliyatoa mahali ambapo mashine zinajikumbukia zenyewe. Mimi nilikuwa sijui ni nani, Docta. Nilikuwa natafuta namba mbili tu."

Docta Kasanda alijirudi upesi. Hawakumpa beji ile bure. Alikaa kwenye kona ya meza, akavuta suruali magotini. "Vizuri. Utakwenda kwa hakimu na kidole changu. Atakuuliza: ilifanyika siku gani? Utamwambia nini? Mashine haijui. Wewe hujui. Na asiyejua siku hawezi kusema huyu alikuwa wapi, wala mimi nilikuwa wapi. Lakini huyu njo mwenye mashine. Tia sahihi."

Uchungu wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa ya kweli. Bulaimu aliyapindua huku na huku, hakupata pa kuyavunjia. Bila siku, Kanku hakuwa na pa kujitetea, na treni ilikuwa inapasha moto. Binti naye alielewa. Aliinamisha kichwa juu ya pingu zake.

"Ilikuwa Jumamosi."

Mzee Sumaili alikuwa mlangoni, nyuma ya bunduki ya Mukendi, kofia yake mkononi.

"Sema tena, Papa," alisema Bulaimu.

"Jumamosi ya Salongo. Docta alinituma niwashe grupu. Alisema ni siri ya Chama, nikifungua mudomo nitapotea. Aliingia humu peke yake. Mimi nilikaa kibandani nikasikia watu wakiimba barabarani."

"Sumaili," alisema Docta taratibu, "unajua unachosema? Unajua kesho utakula wapi?"

"Sijui, Docta. Lakini ilikuwa Jumamosi."

Mukendi alikohoa. "Chefu, samahani. Jumamosi sitoyeni Kanku alikuwa kwenye kundi langu, njia ya soko, tangu mwanzo hadi tulipoimba na kutawanyika. Nilimugombeza mbele ya watu, jembe lake lilikuwa linachomoka kila mara."

"Na tangu alipokamatwa hukulisema hilo?"

"Hakuna aliyeniuliza Jumamosi, chefu. Walisema tu mwanamuke amefuta mashine."

Bulaimu alitikisa kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wakati mwingine polisi wenyewe ndio wanaoirefusha. "Mufungue," alisema. "Pingu hizo zina mwenyewe."

Docta alisimama. "Unajua mimi ni nani?"

"Ninajua, Docta. Njo maana nakuomba, sikusukumi. Utatueleza paruke dawa ya Kama ulimuuzia nani. Tafadhali, toa mukanda na kamba za viatu umupe kopla."

Docta aliutoa mkanda. Mikono yake, iliyokuwa na haraka kubwa dakika chache nyuma, ilishindwa kufungua fundo la kiatu, ikabidi Mukendi apige goti amsaidie. Wakatoka wawili hao, mmoja akiishikilia suruali.

Kanku alibaki anasugua vifundo vya mikono. Bulaimu alitegemea shukrani, au kilio. Alishajitengenezea uso wa kuvipokea. Havikuja. Binti alikuwa anamtazama mzee.

"Chai uliyoniletea kasho, Papa Sumaili. Kila asubuhi. Ulikaa chini na mama yangu ukamwambia Mungu iko. Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Walikuwa wananipeleka Lubumbashi!"

"Niliogopa, mutoto wangu. Nilisema watamuachilia tu, hana kosa."

"Na leo woga umekwenda wapi?"

Mzee aliibinyabinya kofia. Angeweza kudanganya, na pengine binti angefurahi kudanganywa. "Jamila wangu ameolewa Kama," alisema. "Walimutoboa kidole, wakakuta malale. Sikujua kwamba Docta amefuta Kama. Inspekta njo aliniambia, kule kwenye grupu."

"Kwa hiyo si kwa ajili yangu."

"Apana," alisema Sumaili. "Si kwa ajili yako."

Kanku alifumba macho kidogo. Kisha akamgusa Inspekta begani, na Bulaimu, ambaye hata gavana alikuwa hamwinui kwenye kiti upesi, akainuka.

"Mashine hii ukiiambia ifute, haifuti," alisema binti akikaa. "Inawaficha tu, inangoja amri ya pili. Njo maana namba ya Kama bado kubwa. Docta hakujua amri ya pili. Ningesema mbele yake angetafuta namna ya kuimaliza."

"Kwa hiyo ulikubali kupanda treni na siri yako?" aliuliza Bulaimu.

"Ningekuambia stesheni, Mukubwa. Yeye asingekuwepo."

Vidole vyake vilikwenda juu ya kinanda bila kutafuta. Alifungua Kama, akaandika amri moja fupi ya kuwaita wote warudi, akabonyeza. Mashine ilinguruma kidogo. Ikajibu kwa namba, kwamba wagonjwa elfu moja na mamia kadhaa wamerejeshwa. Akaamuru waorodheshwe, na majina yakaanza kupanda kwenye kioo, mstari kwa mstari, ya kijani, mengi, ya Kama yote.

Mzee Sumaili hakujua kusoma. Alikuja akasimama nyuma ya kiti, akitazama majina yanayopita kama mtu anayetazama mabehewa akimtafuta ndugu dirishani. Hakuthubutu kuuliza.

Kanku aliacha yapite. Aliyaacha kwa muda ambao Bulaimu aliuona mrefu. Kisha akagandamiza kitufe, orodha ikasimama, akasogeza kidole hadi kwenye mstari mmoja.

"Jamila binti Sumaili," alisoma. "Iko."

Mzee alifunika uso kwa kofia akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto.

"Toka nje, Papa," alisema Kanku bila kugeuka. "Kaa na grupu lisizimike. Niko na kazi ya watu wako."